Programu ya chama chetu ya mwaka 1997: wenyewe wamejitokeza wanne, tumlipe nani?

#1 Mwana Rungwe (mleta mada)

Wakuu, habari za asubuhi. Nawaandikia kutoka Tukuyu, mvua hii ni siku ya nne haijakata, na kichwa kinauma si kwa mvua.

Mimi ni mjumbe wa bodi ya chama cha kuweka na kukopa huku kwetu (jina la chama naliacha). Tangu 1997 akiba na mikopo ya wanachama inaendeshwa na programu moja ya DOS, imeandikwa kwa FoxPro, lugha ya zamani ya programu za kutunza kumbukumbu. Skrini ya bluu, maandishi ya njano, inachapa kwenye Epson ile ya karatasi zenye matundu pembeni, inayopiga kelele kama cherehani. Aliyeiandika alikuwa kijana wa Mbeya mjini, ameajiriwa ofisi moja ya umma, kwetu anakuja wikendi. Tulimlipa laki nne kwa awamu mbili na gunia la mchele wa Kyela. Mkataba hakuna. Ipo risiti moja ya mkono, imeandikwa "malipo ya kazi ya kompyuta", basi. Kijana yule alifariki 2011, Mungu amrehemu.

Mwezi uliopita imekuja barua kutoka kampuni moja ya Dar. Wanasema wamenunua haki zote kutoka kampuni ambayo marehemu alikuwa mbia. Wanataka milioni 9 za miaka ya nyuma, halafu ada ya kila mwaka. Siku 14. Bodi ikatetemeka. Mjane akasikia, akaja ofisini na mwanae: kama kuna hela, ni ya kwao. Wa tatu ni fundi aliyeirekebisha 1999 ili isife kwa kukosea tarehe mwaka 2000 ukiingia, naye anadai bila yeye tusingekuwa na programu. Juzi akapiga simu mtu wa ile ofisi ya marehemu, akauliza kwa upole kabisa: "Kwani aliiandikia kwenye kompyuta ya nani?"

Naombeni mawazo. Matusi wekeni pembeni.

#2 Kifimbo cha Uyole

Naweka kambi hapa. Nimekuja na viazi vya kuchoma.

#3 Fundi wa Kabwe

Pole mkuu. Kabla hamjajadili nani mwenyewe, fanyeni kitu kimoja LEO: nakilini folda nzima kwenye flashi tatu, moja ikae nje ya ofisi. Faili zenye mkia wa .DBF ndizo zenye majina na salio za wanachama. Hizo ni zenu, hata aje nani na barua ya rangi gani. DBF inafunguka hata kwenye LibreOffice, huhitaji programu ya marehemu. Ukishazitoa, hiyo programu mnaizika kwa heshima na mnanunua mpya.

Mimi ningekuwa bodi nisingelipa mtu hata mia.

#4 WakiliMkavu

Fundi yuko sahihi kwenye data, kwenye "hata mia" amekimbia mno.

Programu ya kompyuta inalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999. Imewekwa kundi moja na vitabu na maandishi mengine. Mwenye haki wa kwanza ni mtunzi. Kununua kazi si kununua hakimiliki, kama vile kununua kitabu hakukupi haki ya kukipiga chapa. Kwa hiyo laki nne zenu na mchele vilinunua ruhusa ya kutumia. Ruhusa ya muda gani, ndiyo vita yenyewe.

Hiyo kampuni ya Dar mjibuni kwa barua ya sentensi mbili: tuonyesheni maandishi ambayo marehemu aliwahamishia haki hao waliowauzia, na maandishi ambayo hao waliwauzia ninyi. Kuhamisha hakimiliki kunataka maandishi yenye saini. Wasipokuwa nayo, milioni 9 ni hamu tu.

#5 Parachichi Njombe

Mnajisumbua bure. Hataza (haki ya mvumbuzi) ni miaka 20. 1997 jumlisha 20 ni 2017. Imeisha hiyo, ni mali ya umma. Nendeni BRELA mkathibitishe.

#6 WakiliMkavu

Parachichi, umechanganya mafaili. BRELA ni hataza na alama za biashara. Hakimiliki ni COSOTA, na wala si lazima uwe umesajili ndipo haki iwepo, usajili unakusaidia kwenye ushahidi. Muda wake ni uhai wa mtunzi na miaka 50 baada ya kifo. Marehemu kafa 2011, hesabu mwenyewe: mpaka 2061.

#7 Parachichi Njombe

2061 hiyo Epson bado inapiga kelele? Haya, nimekubali, nimekaa.

#8 Mnyalu wa Kihesa

Kamwene wote. Niwape cha kwangu, kidogo kinafanana.

Mwaka 2003 nilikuwa mhasibu kwenye biashara moja ya vifaa vya ujenzi hapa Iringa. Programu yetu ya stoo ilikuja na kidude cha kuchomeka nyuma ya kompyuta, kwenye tundu la printa. Kikitoka, programu inakataa kufunguka. Tajiri alikifunga na gundi ya karatasi, akaandika kwa kalamu nyekundu USIGUSE. Siku ya siku mfagiaji akavuta waya. Miguu miwili ya kidude ikapinda, mmoja ukakatika.

Aliyetuuzia, simu haipatikani. Tukamtafuta mpaka Miyomboni alikokuwa na ofisi, tukakuta pamekuwa saluni. Stoo nzima imefungwa ndani ya kompyuta, mabati hayajulikani ni mangapi, na mwenye haki hayupo duniani wala ahera. Wiki tatu tulihesabu misumari kwa mkono. Hatimaye akapatikana mwanafunzi mmoja wa chuo, akaifungua kwa namna yake, hatukumuuliza.

Sasa nambieni, yule mwanafunzi alikuwa mwizi? Mimi mpaka leo namwita mkombozi. Mwenye haki akikimbia na funguo, haki yake inabaki palepale?

#9 Kifimbo cha Uyole

Hukumuuliza kwa sababu ulikuwa unajua jibu, Mnyalu.

#10 Mzee wa Ipogolo

Vijana, hii ya chama cha Tukuyu ni ndogo. Marekani wamelizana miaka 18 kwa jambo hilihili.

Kulikuwa na UNIX, mfumo wa kuendeshea kompyuta, iliyozaliwa AT&T. Kampuni ya Novell wakainunua 1993. Mwaka 1995 Novell wakaiuza biashara hiyo kwa kampuni nyingine, SCO. SCO wakaamini wamenunua kila kitu. Ilipofika 2003 wakaishtaki IBM, wakidai dola bilioni moja mwanzoni na baadaye wakapandisha. Wakatuma barua kwa makampuni 1,500 hivi: mnatumia Linux (mfumo wa bure unaofanana na UNIX), ndani mna mali yetu. Wakafungua na duka la leseni, dola 699 kwa seva. Barua kama hiyo yenu, mjumbe.

Novell wakanyanyua mkono: ngojeni, hakimiliki hatukuwauzia. Mkataba wa 1995 ukafunguliwa. Kwenye orodha ya vitu visivyouzwa, hakimiliki zimo. Baraza la wazee wa mahakama likasema hivyohivyo mwaka 2010.

#11 Seva Baridi

Shikamoo Mzee. Nasahihisha kidogo tu: SCO ni mbili. Walionunua 1995 ni Santa Cruz Operation. Walioshtaki ni Caldera, waliochukua biashara ile 2001 kisha wakajibadili jina wakawa SCO Group. Na mwaka 1996 mkataba ulifanyiwa marekebisho kwenye kipengele hichohicho cha hakimiliki, ndiyo maana kesi haikuwa nyepesi kama inavyosimuliwa. Sehemu ya IBM ilikuja kufungwa 2021 kwa dola milioni 14.25, wakati SCO wenyewe walishafilisika zamani.

#12 Mzee wa Ipogolo

Marahaba. Ahsante kwa sahihisho. Lakini hoja imesimama: aliyeandika barua za vitisho hakuwa amenunua alichodhani amenunua.

#13 Mama Vitenge Mwanjelwa

Mimi sijui UNIX wala nini. Huyo mjane ana watoto wangapi? Mume kakesha wikendi anaandika, nyie mmekula matunda miaka yote hiyo, leo mnabishana kama ana haki. Mpeni chochote mama wa watu.

#14 WakiliMkavu

Mama Vitenge, moyo wako mzuri, lakini kuna shimo hapo. Hakimiliki ni mali, inarithiwa kama shamba. Mjumbe, mirathi ilifunguliwa? Msimamizi aliteuliwa? Kwenye orodha ya mali za marehemu kuna mtu aliandika programu? Maana nimeona orodha nyingi za mirathi mahakama ya mwanzo: kitanda, ng'ombe, ekari mbili za chai, redio. Sijawahi kuona programu ya FoxPro.

Mkimlipa mjane, kesho akaja mtoto wa nje na hukumu ya usimamizi mkononi, mtalipa mara ya pili.

#15 Mwana Rungwe

Mirathi ilifunguliwa 2012, msimamizi ni kaka wa marehemu. Na kaka ndiye... (nacheka ila si cha kuchekesha) ndiye mmoja wa walioiuzia kampuni ya Dar. Mjane anasema hakuambiwa.

#16 Kifimbo cha Uyole

Viazi vimeisha, naagiza vingine.

#17 Afisa Mstaafu

Hakuna aliyegusa jambo kubwa: mwajiri. Kazi ikifanywa kwa ajira, hakimiliki ni ya mwajiri isipokuwa mkataba umesema vingine. Kijana alikuwa mtumishi wa umma. Kompyuta mwaka 1997 zilikuwa chache, hakuwa nayo nyumbani. Ameandikia ofisini. Basi mjane, kaka, kampuni, wote wakae pembeni.

Someni habari ya Tetris. Alexey Pajitnov aliutunga akiwa mtumishi wa kituo cha kompyuta cha taasisi ya sayansi ya Kisovieti, Moscow. Mchezo ukauzwa dunia nzima kupitia shirika la serikali lililoitwa Elorg. Yeye alikuja kupata haki 1996.

#18 Fundi wa Kabwe

Mzee Afisa, "katika ajira" maana yake katika kazi uliyoajiriwa kuifanya. Marehemu aliajiriwa kuwa nani? Kama alikuwa mtunza stoo, kuandika programu ya SACCOS ya Tukuyu siku ya Jumamosi ni kazi ya mwajiri kwa mlango gani? Kwa mtindo huo dereva wa serikali akitunga kwaya akiwa kwenye Land Cruiser, kwaya ni ya wizara.

Na huo mfano wa Tetris unajipiga mwenyewe. Haki si zilirudi kwa mtunzi?

#19 Afisa Mstaafu

Petroli ya hiyo Land Cruiser ni ya nani, kijana?

#20 Babu Loleza

Subirini kwanza. Mleta mada, nina maswali matatu, nijibu bila kukisia.

Ukibonyeza F9 kinatokea kikokotoo kulia juu? Ukitoka kwenye programu inaandika "KWA HERI NA KAZI NJEMA"? Na kwenye taarifa ya mwanachama, mstari wa pili, pameandikwaje pale penye salio la nyuma?

#21 Mwana Rungwe

Shikamoo Babu. Nimeenda ofisini kuangalia. F9 ndiyo, kikokotoo kinatokea. Kwa heri na kazi njema, ndiyo. Mstari wa pili pameandikwa SALIO LA ZAMNI. Siku zote tulijua ni kosa la chapa, A moja imeruka. Wanachama wanalitania, mtu akikopa sana anaambiwa ana zamni.

#22 Babu Loleza

Marahaba. ZAMNI ni yangu.

Mwaka 1996 nilimwandikia mfanyabiashara mmoja wa Mwanjelwa programu ya wadaiwa wake, FoxPro 2.6. Nilikosea neno hilo kwenye fomu ya kuchapia, nikaliona baada ya kukabidhi, sikurudi kurekebisha kwa sababu hakunimalizia hela. Kijana wenu nilimfundisha mimi. Alikuja na flopi mbili akaniomba anakili ajifunzie. Nikampa. Akabadilisha "mteja" akaweka "mwanachama", "deni" akaweka "mkopo". Kikokotoo, maneno ya kuagana na kosa langu akaviacha vilevile.

Sikuwahi kumdai. Alikuwa kijana mwema. Ila kusikia kampuni ya Dar imenunua "haki zote" za ZAMNI yangu, nimesimama kitini.

#23 Kifimbo cha Uyole

WENYEWE SASA NI WATANO!

#24 Seva Baridi

Babu, hii ni ushahidi wa nguvu. Mahakama nyingi duniani huangalia makosa yaliyofanana, kwa sababu watu wawili wanaweza kuandika kitu sahihi kila mtu kivyake, lakini kukosea herufi ileile mahali palepale ni kunakili.

Na kinachonifurahisha, FoxPro yenyewe ilipitia haya. Ashton-Tate, wenye dBase, programu ya kutunza kumbukumbu, waliwashtaki Fox Software 1988 kwamba wamewaiga. Desemba 1990 jaji akawageuzia kibao: ninyi wenyewe dBase mliichota kutoka JPLDIS, programu ya JPL, maabara ya mambo ya anga ya Marekani iliyoendeshwa kwa hela ya umma, na wakati wa kusajili hamkusema. Hakimiliki yenu batili. Miezi michache baadaye jaji yuleyule akaufuta uamuzi wake. Kabla shauri halijafika mwisho, Borland wakainunua Ashton-Tate 1991, serikali ya Marekani ikawataka waachane na kesi. Mwaka uliofuata Microsoft wakainunua Fox. Swali la nani mwenyewe halikujibiwa hadi leo.

#25 WakiliMkavu

Babu, una flopi hizo? Msimbo wenyewe, faili za .PRG?

#26 Babu Loleza

Nilikuwa nazo kwenye duka la stesheneri la shemeji yangu, ndani ya soko la Mwanjelwa. 2006 soko likaungua. Unayajua mengine.

#27 Mama Vitenge Mwanjelwa

Usinikumbushe 2006, Babu. Mimi niliokoa majora mawili na mizani.

#28 Fundi wa Kabwe

Pole Mama, pole Babu.

Sasa na mimi nichokoze. Babu ulimpa anakili ajifunzie, kwa mdomo. Hiyo ni ruhusa ya kujifunza au ya kuuza? Na wewe kikokotoo cha F9 ulikitunga mwenyewe, au ulikitoa kwenye kitabu? Maana wakati ule sote tulikuwa tunachapa mifano ya vitabuni neno kwa neno.

#29 Babu Loleza

Kikokotoo kilitoka kwenye kitabu. ZAMNI ni yangu.

#30 Tunduma Boda

Kwa hiyo Babu anamiliki kosa la tahajia. Babu, tukiandika zamni humu tunakulipa?

#31 Afisa Mstaafu

Tena kuna jambo jingine hamjaligusa. Sheria mnayoitaja ni ya 1999. Programu ya Babu 1996, ya chama 1997. Wakati huo sheria iliyokuwepo ni ile ya 1966. Mnaipimaje kazi ya 1997 kwa kipimo cha 1999?

#32 WakiliMkavu

Swali zuri, na nakiri limenikalisha. Kuna wanaosema kazi iliyokuwepo na mtunzi yuko hai inaingia kwenye ulinzi wa sheria mpya. Kuna watakaosema fidia haiwezi kurudi nyuma. Marekebisho ya 1999 yale ya kuivusha mwaka 2000 nayo ni kazi juu ya kazi: fundi yule anaweza kuwa na haki kwenye alichoongeza tu, tena kama alikuwa na ruhusa ya kukigusa kilichokuwepo. Alipewa ruhusa na nani?

#33 Mwana Rungwe

Alipewa na mwenyekiti, na chai ya maziwa.

#34 Mnyalu wa Kihesa

Nauliza tena, mmelikwepa swali langu la #8. Mwenye haki asipoonekana miaka 20 halafu siku moja atume barua, alikuwa wapi tulipokuwa tunahesabu misumari?

#35 Fundi wa Kabwe

Mjumbe, mjane alisema marehemu aliacha flopi? Jumamosi napanda Tukuyu kupeleka printa ya mtu. Ninayo kompyuta ya zamani yenye tundu la flopi, bado inavuta. Nipeleke kwake.

#36 Parachichi Njombe

Ukipita sokoni Tandale ya Tukuyu niulizie bei ya ndizi za kupika. Huku Njombe wamepandisha.

#37 Fundi wa Kabwe

Nimerudi jana usiku. Nisimulie kama ilivyokuwa.

Mama alizishusha kutoka darini, ziko kwenye mfuko wa rambo ndani ya bati la maziwa ya unga, flopi kumi na moja. Ukungu mweupe unaonekana ukisogeza kile kifuniko cha chuma. Nimezisafisha moja moja kwa pamba na spiriti, mama ananitazama kama nafunga kidonda. Tisa zilikwaruza tu, hazikusoma. Moja ilikuwa na barua za kuomba kazi, nikaifunga bila kuzisoma. Ya kumi na moja ikasoma. Ina faili za .PRG, msimbo wenyewe, si ule uliokwisha kubadilishwa kuwa EXE, unaoendeshwa tu na mtu hawezi kuusoma.

ZAMNI ipo. Juu ya faili, pale mtu anapoandika jina lake, pana mstari mmoja wa nyota na herufi mbili: M.L. Marehemu herufi zake si hizo.

#38 Kifimbo cha Uyole

Babu Loleza, jina lako linaanza na nini?

#39 Babu Loleza

Siyo M. Siyo L pia, Loleza ni mlima.

#40 WakiliMkavu

Fundi, tarehe! Faili lina tarehe gani? Likiwa la 1995 au 1996, habari ya Babu inapata miguu, na kampuni ya Dar inapoteza.

#41 Fundi wa Kabwe

Mafaili yote, kuanzia la kwanza hadi la mwisho: 01/01/1980, saa sita usiku na dakika kadhaa. Betri ya saa ya kompyuta iliyoyaandika ilikuwa imekufa. DOS isipojua leo ni lini inaanzia hapo.

#42 Tunduma Boda

Kwa hiyo iliandikwa kabla ya soko, kabla ya Babu, na kabla ya mimi kuzaliwa. Tumlipe Nyerere.

#43 Afisa Mstaafu

Kompyuta yenye betri iliyokufa ni dalili ya kompyuta ya ofisi. Ya nyumbani ingetunzwa.

#44 Mwana Rungwe (mleta mada)

Ndaga fijo wote. Mrejesho: kampuni ya Dar tuliwajibu zile sentensi mbili za Wakili, siku 14 zimepita, kimya. Bodi imekaa jana, imeahirisha. Fundi keshazitoa DBF, zote ziko salama, mwanachama mmoja tu salio lake limegoma kufunguka na ndiye anayepiga kelele kuliko wote. Mjane tumempelekea debe la mchele na laki moja, tumeandika kwenye daftari "mkono wa pole", Wakili alisema tusiandike neno "malipo".

Kuna mtu humu anamjua fundi wa zamani wa Mbeya ambaye herufi zake ni M.L.?

#45 Mama Vitenge Mwanjelwa

Namjua mmoja. Alikuwa anachapisha kadi za harusi pale Sokomatola. Ila alihamia Zambia, na kuna deni langu la vitenge.